Aibu Inatucheleweshea Matibabu Isiolo

Kwa Mhariri,

Hapa Isiolo, mji wanakopumzika madereva wa malori ya Moyale na wafugaji wanaoleta mifugo sokoni, ugonjwa wa zinaa hupelekwa kwanza kwenye duka la dawa. Mtu hunong'ona dirishani, huuziwa vidonge viwili vitatu bila kupimwa, akaenda zake. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iko mjini humu humu, lakini anaogopa kukutana na shemeji au mama mkwe kwenye foleni.

Kaswende ndiyo inayonitia hofu zaidi. Kidonda chake cha kwanza hakiumi, na baada ya wiki 3 hadi 6 hupotea chenyewe hata bila dawa. Mwenyewe humshukuru Mungu kwamba amepona, kumbe ugonjwa umeshaingia damuni. Mjamzito asiyetibiwa anaweza kuzaa mtoto mfu. Na ukiwahiwa, ugonjwa huu humalizwa na sindano ya penisilini! Kisonono na klamidia nazo huweza kuziba mirija ya uzazi. Kisha mke ndiye anayeitwa tasa na kurudishwa kwao, mume hata hajapimwa. Hilo linaniuma sana.

Naiomba serikali ya kaunti itoe huduma ya kupima na kutibu magonjwa ya zinaa hadi jioni, katika chumba kisicho na kibandiko mlangoni, na iwafikie pia watu wa Merti, Garbatulla na Oldonyiro. Mwenzi naye atibiwe, la sivyo mgonjwa ataambukizwa upya.

Mkazi wa Bulla Pesa,
Isiolo