Keki za mwezi za Taiwan: uliza mafuta kabla ya kufungua kisanduku



Mama mmoja, msomaji wa ukurasa huu, ana binti anayesoma Taipei. Mwenyeji wa binti huyo amempa kisanduku cha keki za mwezi alizozitengeneza kwa mikono yake. Mama anauliza: je, mwanawe azile? Na akizila, zilizobaki azihifadhi vipi?

Keki hizi huliwa tarehe 15 ya mwezi wa nane katika kalenda ya Kichina, mwezi unapokuwa mpevu. Wachina nao hufuata mwandamo, lakini kila baada ya miaka miwili au mitatu huongeza mwezi mmoja, ndiyo maana sikukuu yao huangukia Septemba au mapema Oktoba, ilhali Shaabani yetu huzunguka misimu yote.

Keki ya Kitaiwani ina ngozi ya matabaka. Donge la unga uliokandwa kwa maji na mafuta hufungia donge jingine lililokandwa kwa mafuta matupu, kisha husukumwa na kukunjwa mara mbili. Aliyezoea kukunja chapati kwa samli hataona ugeni. Ndani mna choroko zilizopondwa, magimbi au maharage mekundu yenye sukari, na mara nyingi katikati hukaa kiini cha yai la bata lililolazwa katika chumvi kwa wiki kadhaa.

Tatizo ni hayo mafuta. Kwa desturi ya zamani ni ya nguruwe, kwani hutenganisha matabaka vizuri mno. Siku hizi wengi hutumia siagi, lakini kwa macho hutambui. Tena jina la keki lisimhadae mtu: ile nyeupe ya choroko mara nyingi hufichwa nyama ya nguruwe iliyosagwa chini ya choroko. Na kile kiini cha yai, kabla ya kuokwa, wapishi wengi hukinyunyizia pombe ya mchele au ya mtama ili kuondoa shombo. Hukumu ya nguruwe imo katika Suratul Baqara, aya ya 173, na aya hiyo hiyo imekataza kilichotolewa kwa asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Hilo nalo ni la kuulizia, maana siku hiyo watu wengi wa Taiwan huweka vyakula mbele ya mungu wao wa ardhi.

Basi binti aulize mapema na kwa adabu: mafuta gani, nyama ipo, pombe imetumika, keki zimepita madhabahuni? Mwenyeji hatashangaa, Mabudha wengi wa huko hawali nyama, na swali la viungo wamelizoea. Ila ajue kwamba keki isiyo na nyama yaweza kuwa na pombe. Jibu lisiporidhisha, amrudishie kwa shukrani na kumweleza sababu. Hilo ni bora kuliko kuipokea kwa tabasamu na kuitupa. Kwa waokaji wa halali, waumini wa Msikiti Mkuu wa Taipei, uliokamilika mwaka 1960, watamwelekeza.

Zikiwa salama, asizicheleweshe. Keki ya mkono haina dawa ya kuzuia kuharibika, na adui wa kwanza wa ngozi yake ni unyevu wa kijazo chake mwenyewe. Siku mbili za mwanzo ndizo tamu zaidi. Mahali penye ubaridi zitakaa siku mbili au tatu. Katika joto kama la pwani yetu, ziingie kwenye jokofu siku ile ile. Humo zitadumu kama wiki moja, na kwenye friza kama mwezi, kila moja ikiwa imefungwa peke yake. Zikiwa bado na joto la oveni zisifunikwe, jasho litazilowesha.

Ya friza ilale usiku kucha kwenye jokofu ikiwa ndani ya karatasi yake, ili umande ubaki nje. Kisha iingie kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika chache, ngozi irudie kumeguka. Yenye ukungu itupwe nzima, wala usikate pembeni.

Keki moja hukatwa vipande vinne kwa watu wanne, kwa chai isiyo na sukari. Kahawa chungu, ile tunayonywea halua, nayo inafaa sana.