MANENO NA ASILI YAKE: MFARISHI

Neno la juma hili ni mfarishi. Nawaletea kwa sababu liliwahi kuniaibisha.

Siku moja huko Kitui niliandika orodha ya mali ya marehemu mmoja, ili warithi wake wagawane bila ugomvi. Miongoni mwa vyombo palikuwa na tandiko nene la kitandani, nami nikaandika, "Blanketi kuukuu, 1." Nilipomsomea mjane ili atie alama ya dole gumba, alikataa.

"Mwanangu," akasema, "blanketi hununuliwa dukani. Hili nimelishona mwenyewe, na pamba yake niliichuma shambani."

Alisema kweli. Blanketi hufumwa likawa kitambaa kimoja. Mfarishi una matabaka: kitambaa juu, kitambaa chini, na pamba katikati. Kisha hushonwa kwa mistari, sindano ikipenya matabaka yote, ili pamba isikusanyike upande mmoja. Wala si godoro, maana godoro hujazwa likavimba, bali mfarishi hukunjika.

Asili ya neno ni Kiarabu, farasha, yaani kutandika. Basi halisemi kitu kimeshonwaje. Lasema kazi yake, kama vile mtandiko utokavyo katika tandika. Ndiyo sababu wengine huita mfarishi hata tandiko lisilotiwa pamba. Bitana nayo, kitambaa cha ndani ya koti, ni ya Kiarabu, na shina lake ni batn, yaani tumbo. Blanketi tulilipata kwa Waingereza. Na merikani, ile nguo ambayo misafara ya Wakamba iliileta bara katika karne ya 19 baada ya kupeleka pembe za ndovu Mombasa, yataja Marekani ilikofumwa. Nguo husafiri pamoja na jina lake.

Nikalikata neno blanketi, nikatia sahihi yangu pembeni kama ipasavyo, kisha nikaandika, "Mfarishi, 1. Mali ya mjane, kazi ya mikono yake." Warithi hawakubisha.

Enyi makarani wenzangu, nanyi wakulima wa pamba wa Kitui na Makueni, tusidharau majina ya vitu vidogo. Neno moja lililokosewa katika orodha laweza kumnyang'anya mtu haki yake, na aliyemnyang'anya asijue.