Ndoo ya Ratan: Dhidi ya Uhakiki wa Rula

Umezoeleka miongoni mwa wahakiki wetu mtindo wa kuipima filamu kwa rula ya kitabu. Filamu iliyotokana na hadithi husifiwa isipoacha tukio, hulaumiwa ikibadilisha mwisho. Mtindo huu ndio unaozilea video za vitabu teule zinazouzwa shuleni nchini Kenya, ambamo waigizaji hukariri muhtasari wa ploti huku kamera imesimama tuli. Ni mtindo potofu, na kuupinga hakuhitaji nadharia ngeni. Yatosha kuitazama Teen Kanya, yaani Mabinti Watatu, filamu ya Kibengali ambayo Satyajit Ray aliitoa mwaka 1961, karne moja tangu kuzaliwa kwa Rabindranath Tagore, kutokana na hadithi fupi tatu za mwandishi huyo.

Katika "Postmaster", kijana wa Calcutta anapelekwa kijijini kusimamia posta. Ratan, msichana yatima, anamtumikia. Kijana naye, kwa upweke, anamfundisha kusoma. Kisha malaria inampata, naye anaondoka. Tagore anampakia msomaji mashuani pamoja na bwana huyo, ambaye anafikiria kurudi, halafu anajiliwaza kwa falsafa ya utengano na mauti. Ratan, asiye na falsafa, anaizunguka posta akilia, na msimulizi anatufafanulia udhaifu wa moyo wa binadamu. Ray ameyafuta hayo yote. Ratan wake anapita na ndoo bila kumtazama. Anasikika tu akimwarifu bwana mpya kwamba maji yameletwa. Sarafu inabaki mkononi mwa anayeondoka.

Je, huu ni usaliti wa matini? Swali hili liulizwe Banissa, katika Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia, ambako watoto huzungumza Kisomali au Kigarre nyumbani na Kiswahili hukutana nacho zaidi darasani, mara nyingi kwa mwalimu aliyetoka mbali. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilishambuliwa; watu 28 waliuawa, walimu wakiwamo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na Tume ya Huduma za Walimu ikawahamisha wengi wasio wenyeji wa Kaskazini Mashariki. Hakuna mwenye haki ya kuwalaumu waliokwenda: ikiwa malaria ni hoja, risasi ni hoja zaidi. Hata hivyo, masimulizi ya utengano wa namna hii hupenda kufuatana na msafiri, maana msafiri ndiye mwenye kalamu. Ray alibaki na mwenye ndoo.

Wala hakubuni kutoka hewani. Ratan wa Tagore pia anaikataa fedha ya bwana wake. Ray aliiona mbegu hiyo ya heshima, akaikuza, akaacha machozi. Huko ni kusoma, tena kusoma kwa makini kuliko kwa mwenye kukariri. (Filamu ilipopelekwa ng'ambo, "Monihara" iliachwa, mabinti wakabaki wawili. Huo ndio ukosefu wa uaminifu unaostahili kulalamikiwa.)

Atakayeigeuza hadithi ya Damu Nyeusi au ya Mapambazuko ya Machweo kuwa filamu kwa ajili ya mwanafunzi wa Banissa asiulizwe ameacha tukio gani. Aulizwe kamera yake ilibaki na nani gari lilipoondoka. Na wahusika wake wakizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kisomali, lafudhi hiyo isiwe kichekesho.