Kuhamisha seva ni suala la bajeti, si la mafundi pekee

SIKU tano tu baada ya waandamanaji kuvamia Bunge jijini Nairobi kupinga Mswada wa Fedha, yaani Juni 30, 2024, lilitukia jambo jingine ambalo hakuna aliyeliandamania. Siku hiyo CentOS 7, mfumo wa Linux uliokuwa ukitolewa bila malipo, ulikoma kupokea marekebisho ya usalama. CentOS 8 ilikuwa imetangulia kaburini Desemba 31, 2021, ilhali watumiaji wake walikuwa wametarajia kuhudumiwa hadi 2029.

Kwa mtu mwenye kompyuta moja nyumbani, kubadilisha mfumo ni kazi ya alasiri moja. Kwa benki, hospitali au idara ya serikali mambo ni tofauti. Huduma zao hazitegemei seva moja bali kundi la seva zinazolindana: moja ikizimika, nyingine huipokea kazi kabla mteja hajatambua. Kundi hilo huongozwa na programu maalumu, na programu hiyo nayo huzeeka.

Katika Linux, chimbuko lake ni Heartbeat, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya tisini. Seva mbili zilipelekeana ishara mithili ya mapigo ya moyo. Moja iliponyamaza, ya pili ilishika usukani. Humo ndimo ilimozaliwa Pacemaker, iliyojitenga na kujitegemea 2008. Kampuni ya Red Hat ilikuwa na programu yake, rgmanager, lakini ilipotoa toleo la saba la mfumo wake 2014 iliitupa na kuikumbatia Pacemaker, ikisaidiwa na Corosync inayobeba ujumbe baina ya seva.

Hapo ndipo penye utata. Mipangilio ya rgmanager haikufaa kitu katika Pacemaker. Ilibidi iandikwe upya. Aidha, waliohama kutoka toleo la saba hadi la nane walikuta kwamba Corosync ya awali na ile mpya hazisemezani, kwa hivyo haiwezekani kuhamisha seva moja moja huku kundi likiendelea na kazi. Sharti kundi jipya lijengwe kando ya lile kuukuu, data inakiliwe, kisha iteuliwe saa ya kuvuka. Hii ina maana ya kununua au kukodi mashine maradufu kwa muda. Ombi kama hilo likimfikia afisa wa fedha, si vigumu kukisia jibu lake: mbona mnataka seva nyingine ilhali hizi bado zinafanya kazi?

Hata hivyo, fedha pekee hazitoshi. Mnamo Agosti 2012, mtandao wa GitHub, ambako watunzi wa programu duniani huhifadhi kazi zao, ulihamisha hifadhidata yake kutoka kwa jozi ya seva kuukuu hadi kundi jipya la seva tatu chini ya Pacemaker. Mwezi uliofuata, marekebisho ya kawaida yaliilemea seva kuu. Haikuwa imekufa; ilikuwa na shughuli nyingi tu. Kundi lilidhani imekufa, likaikabidhi kazi seva nyingine ambayo haikuwa tayari, nayo ikalemewa vilevile. Mafundi walipojaribu kuituliza hali, kesho yake kundi lenyewe likagawanyika.

Desemba mwaka huohuo mambo yakawa mabaya zaidi. Mawasiliano yalikatika kwa takriban sekunde 90 wakati vifaa vya mtandao vilipokuwa vikiboreshwa. Wahenga walinena kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja, na waundaji wa programu hizi wanalijua hilo: seva mbili zikiandika kwenye data ileile, kila moja ikijiona ndiyo kiongozi, data huharibika. Ndiyo maana seva huruhusiwa kumkatia mwenzake umeme anapokosa kumsikia. Siku hiyo, katika jozi nyingi, kila seva ilimzima mwenzake, zote mbili zikalala. Sekunde 90 zikageuka zaidi ya saa tano.

Hapa kwetu twaelewa uzito wa saa tano. Aprili 2015 Safaricom iliihamisha M-Pesa kutoka seva zilizokuwa Ujerumani hadi humu nchini, na Septemba 2025 ikaiweka kwenye jukwaa jipya linalokusudiwa kumudu miamala 6,000 kwa sekunde. Mara zote mbili wateja walitangaziwa mapema kwamba huduma ingesitishwa kwa muda. Wapo walionung'unika. Binafsi naona usumbufu uliotangazwa, unaoangukia saa ambazo mama mboga amelala, ni nafuu kuliko ule unaozuka mwisho wa mwezi adhuhuri. (Kundi la seva, hata liwe imara vipi, si kinga dhidi ya shambulizi kama lililoikumba eCitizen Julai 2023, hilo ni suala jingine.)

Swali ambalo kamati za Bunge na bodi za mashirika haziulizi ni hili: je, lini mara ya mwisho mlizima seva kuu kwa makusudi, mchana, kuona iwapo ya pili itaamka? Mkandarasi hulipwa kwa kusimika mitambo na kukabidhi funguo. Mazoezi ya kuizima ni nadra kuyakuta katika zabuni, na bila hayo ugonjwa hugunduliwa siku ya kuhama yenyewe.

Waliokwisha kuvuka hadi toleo la nane la Red Hat wasistarehe mno. Huduma yake ya kawaida inakoma Mei 2029, mwezi mmoja kabla ya mwaka wa fedha wa serikali kufungwa, na bajeti zilizosalia hadi hapo zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.