Deni ni Lako, Heshima Yako si Yao

Wewe kijana wa Kinakomba, wewe wa Hola, wewe wa Garsen. Mto ulipopanda ukala shamba, ulikopa elfu tatu kwa simu. Mwezi haujaisha, mama mkwe, ustadh na wateja wako wa boda wanapigiwa na mtu wasiyemjua: "Mwambieni huyo mwizi alipe!" Ukaona haya, ukanyamaza. Ukakopa programu nyingine kulipa ile ya kwanza. Hapo ndipo wanapokutaka.

Tusidanganyane, deni hulipwa. Lakini kukudhalilisha si kudai, ni kuvunja sheria. Kanuni za Benki Kuu (CBK) za 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali, na wakala wake pia, kutisha, kutukana au kuwapigia watu waliomo kwenye simu yako. Na watu wametozwa faini. Aprili 2023 Kamishna wa Data aliitoza Whitepath shilingi milioni 5. Septemba ikaja zamu ya Mulla Pride, wenye KeCredit na Faircash: shilingi 2,975,000. Unadhani kuna mheshimiwa aliyewapigania? Ni wananchi walioudhiwa kama wewe, wakaandika malalamiko.

"Polisi wako njiani." Waongo! Kushindwa kulipa mkopo wa namna hii ni kesi ya madai, si jinai. Wakitaka waende kortini, na huko jela ya madai ni ya mwenye uwezo anayekataa kulipa, si ya asiyekuwa nacho. Tena deni lisilozidi 1,000 hawaruhusiwi kulipeleka CRB.

Kwa hivyo usifute mesej hata moja. Weka namba, tarehe, na uombe waliopigiwa wakutumie skrinshoti. Tazama kama mkopeshaji yumo kwenye orodha ya CBK ya wenye leseni. Peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Data (ODPC): ni bure, na sheria inawapa siku 90 kuyamaliza. Na mkopeshaji mwenyewe mwandikie, umwambie utaweza kiasi gani kwa wiki. Kwa maandishi, si kwa simu.

Sasa tugeuke kwetu, maana wakopeshaji si peke yao. Kila mwaka tunahutubiwa kuwa riba ni haramu, na ni kweli. Lakini mtoto akiugua saa sita usiku, mlango gani uko wazi zaidi ya hiyo simu? Wenye madeni ni kundi mojawapo kati ya manane yanayostahiki zaka. Ramadhani tunagawa unga na tende, alhamdulillah. Ni lini kamati ya msikiti wako iliuliza nani amelemewa na deni?

Ijumaa hii baada ya swala mfuate katibu, umuulize fungu la wenye madeni liko wapi. Usiende peke yako.