Mwalimu, Fungua Kurasa za Pombe
Barazani na Bi Kalamu

Wiki hii nilikaa nyuma ya darasa la Kihispania hapa Mombasa, nikimngoja binti wa kaka yangu anayejiandaa kwenda kusoma Granada. Walikuwa kwenye sura ya vinywaji. Mwalimu akafundisha maji, maziwa, kahawa na juisi, kisha akaruka kurasa mbili: "Haya ya ulevi hayatuhusu, sisi ni watu wa heshima." Darasa likaitikia. Mimi nilikasirika, na mpaka sasa sijapoa.

Asiyekunywa ndiye anayeyahitaji maneno hayo kuliko mtu yeyote. Mnywaji akikosea kuagiza, atakunywa alicholetewa. Mwanetu akikosea, amekunywa alichojiapiza kutokigusa.

Huko Hispania kuna agua de Valencia. Binti amefundishwa kuwa agua ni maji. Nani atamwambia kwamba jagi lile lina juisi ya machungwa, cava, vodka na jin? Carajillo ni kahawa, ila ndani mna brandi au ramu. Clara ni bia iliyotiwa soda ya limau. Tinto de verano, divai nyekundu na soda juu ya barafu, mgeni aliyeunguzwa na jua la Andalusia ataidhani sharubati. Inayoniuma zaidi ni manzanilla. Kitabu chake kinasema ni chai ya kamomili, na mkahawani ni kweli. Kwenye feria ya Sevilla ni divai kavu ya Sanlúcar de Barrameda, kileo chake takriban asilimia 15.

Nilimfuata mwalimu baada ya kipindi. "Bi, wazazi watalalamika." Wazazi! Wasomaji wangu wa zamani mnaijua vita yangu na ile sentensi ya vitabu vya lugha isiyomfaa msafiri yeyote: "Kalamu iko juu ya meza." Hiyo inafundishwa kila muhula, na sijasikia mzazi akilalamika.

Tena msichukulie kwamba ataziepuka baa. Granada ukiagiza kinywaji huletewa na kitafunio bure, na wanafunzi wengi hukutana humo jioni. Atakaa nao. Basi ajue kuomba mosto, maji ya zabibu yasiyochachushwa. Ajue kusema sin alcohol. Ajue kumuuliza mhudumu bila haya: ¿lleva alcohol?

Ada ya kozi ililipwa yote. Mwalimu, mtoto anasafiri mwezi ujao: mfundishe, au urudishe fedha ya kurasa mbili.