Mgeni aje, mwenyeji apone

Hivi karibuni nilijaaliwa kuzuru Watamu, si kwa kuota jua ufukoni, bali kwa kuwatazama ndege. Maji yalikuwa yamekupwa katika hori la Mida, na topeni palikuwa na kundi la ndege weupe wenye migongo myeusi na midomo minene ya kupasulia kaa. Ndege hao hutaga mayai katika mashimo ya mchanga huko pwani za Uarabuni na Somalia, kisha huja kwetu kutafuta riziki.

Alfajiri ya pili tuliingia msitu wa Arabuko-Sokoke. Humo tulioneshwa bundi asiyefika shibiri, ambaye hajulikani kwingineko duniani ila Dakatcha na upande wa Usambara, Tanzania. Wenzangu wote walikuwa watalii wa ng'ambo. Wenyeji tulikuwa wawili tu, mimi na kiongozi wetu.

Jioni nilipomsimulia shangazi yangu wa Gede, alinikemea vikali. "Mwanangu, bundi ni nuksi. Tena huyo bundi wako atamlipia mjukuu wangu karo?"

Swali hilo si la kuchekwa. Jirani ya msitu asiyepata chochote kutokana nao ataukata apate makaa. Na wa kando ya hori ataikata mikoko apate boriti. Njaa haisikilizi hotuba za mazingira.

Hata hivyo, jibu lipo. Tangu mwaka 2001, mradi wa ASSETS umekuwa ukiwalipia karo ya sekondari watoto wa eneo hili, na sehemu ya fedha hizo hutokana na viingilio vya wageni wanaopita katika daraja la mbao lililojengwa mikokoni Mida. Nao mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993, huwanunulia wakulima wanaopakana na msitu mabundo ya vipepeo na kuyauza ng'ambo.

Lakini miradi miwili haiwezi kuubeba mzigo wa msitu wa kilomita mraba zipatazo 420. Yafaa serikali ya kaunti na mashirika ya taifa yatenge sehemu ya mapato ya utalii kwa shule za hapa, tena hesabu zake zibandikwe barazani kila mtu azisome. Aidha, watoto wetu wapitishwe darajani bila malipo, wawajue ndege hao kabla ya kusimuliwa na wageni.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndege wamekuja, na watalii wamewafuata. Aliyebaki kupona ni mwenyeji.